Mitungi ya Gesi ya Foklifti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Foklifti ya gesi, yaani gari la kunyanyulia mizigo linaloendeshwa kwa gesi, hupendwa katika maghala na viwanda kwa sababu mtungi wake hubadilishwa kwa dakika chache na chombo kikarudi kazini, tofauti na foklifti ya betri inayohitaji saa kadhaa za kuchajiwa. Dakika hizo chache ndizo zinazodai uangalifu kuliko saa zote za kuendesha, kwa kuwa ndipo mfumo uliofungwa unapofunguliwa, na mtu anasimama karibu kabisa na kimiminika chenye shinikizo kubwa. Majibu yafuatayo yamekusudiwa madereva, mafundi, watunza ghala na wasimamizi wa Afrika Mashariki, ambako joto la mchana na mazoea ya mitungi ya jikoni huongeza hatari ambazo vitabu vya watengenezaji havizitaji sana.

## Ndani ya mtungi kuna nini hasa?

Kuna propani, au mchanganyiko wa propani na butani, iliyogandamizwa mpaka ikawa kimiminika. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri katika skeli ya Selsiasi, kwa hiyo ikitoka mtungini tu hugeuka mvuke papo hapo, na lita moja ya kimiminika huzaa takriban lita 270 za mvuke. Mtungi wa kawaida wa foklifti hubeba karibu kilo 15 za gesi. Kiasi hicho kikivuja chote hutoa takriban mita 8 za ujazo za mvuke, na kwa kuwa propani huanza kuwaka ikiwa asilimia 2 tu ya hewa, mtungi mmoja unatosha kulijaza chumba cha zaidi ya mita 350 za ujazo kwa hewa inayoweza kuripuka.

Jambo la pili la kukumbuka ni uzito. Mvuke wa propani ni mzito kuliko hewa kwa takriban mara moja na nusu, na ule wa butani ni mzito kwa karibu mara mbili. Gesi ikivuja haipandi ikapotea kwenye matundu ya paa. Hutambaa sakafuni, huingia kwenye mifereji, mashimo ya kukagulia magari na vyumba vya chini, na hukaa humo ikisubiri cheche. Karibu kila kanuni iliyomo katika majibu haya inatokana na tabia hiyo moja.

## Kwa nini mtungi wa foklifti hulazwa, na je, tunaweza kufunga mtungi wa jikoni ukituishia?

Hapana, na katazo hili halina nafasi ya majadiliano. Mtungi wa jikoni husimama wima na hutoa mvuke kutoka juu, kwa sababu jiko linahitaji mvuke. Mfumo wa foklifti zilizo nyingi hufanya kazi kwa namna nyingine: mtungi umelazwa, na ndani yake kuna mrija uliopindwa kuelekea chini ili uvute kimiminika. Kimiminika hicho hupita kwenye mpira wa gesi hadi kwenye kifaa kinachopashwa moto na maji ya injini, na ni hapo ndipo kinapogeuzwa kuwa mvuke wa kuchomwa.

Tofauti kubwa zaidi iko kwenye valvu ya usalama. Kazi yake ni kufunguka yenyewe shinikizo linapozidi, na ni lazima iwe imeelekea upande wa juu wa mtungi, palipo na mvuke na si kimiminika. Mtungi wa foklifti uliolazwa umeundwa ili valvu hiyo ikae juu: kwenye kola yake, yaani pete ya chuma inayoizunguka koki, kuna tundu au nafasi inayoingia kwenye pini ya kitako cha foklifti, yaani mahali mtungi unapolazwa, na pini hiyo ndiyo inayohakikisha kwamba mtungi haujageuka. Mtungi wa jikoni ukilazwa, valvu yake inaweza kuzama kwenye kimiminika, na ikifunguka itamwaga kimiminika kinachotanuka mara 270 badala ya kupumua mvuke kidogo kidogo. Kwa sababu hiyo hiyo, mtungi halali wa foklifti uliofungwa bila pini kuingia mahali pake ni hatari vilevile, hata kama mkanda umekazwa vizuri na kwa macho unaonekana umetulia.

## Mtungi hubadilishwa kwa hatua zipi?

Kwanza, toa foklifti nje au ipeleke mahali palipo wazi penye hewa inayopita, mbali na mashine ya kuchomelea, jiko la chai la wafanyakazi, chaja za betri na mfereji wowote. Shusha uma hadi chini, weka gia katika hali huru na uvute breki ya mkono. Hakikisha hakuna anayevuta sigara karibu, na simu ibaki mfukoni.

Injini ikiwa bado inanguruma, funga koki ya mtungi kabisa, kisha iache injini iendelee mpaka izimike yenyewe. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi na watu wenye haraka, nayo ndiyo yenye manufaa zaidi: injini inateketeza gesi iliyobaki kwenye mpira, kwa hiyo unapofungua kiungo kinatoka kidogo sana badala ya mchirizi wa kimiminika baridi. Injini ikishazimika, zima swichi. Atakayezima swichi kwanza na kufunga koki baadaye ameacha mpira umejaa.

Sasa vaa glavu na miwani ya kinga, ufungue kiungo cha mpira kwa mkono. Ukisikia gesi ikiendelea kutoka kwa nguvu, kaza tena, uhakikishe koki imefungwa, na ikiwa bado inatoka mwite fundi. Legeza mikanda na ushushe mtungi. Mtungi uliojaa huweza kuzidi kilo 30, na kwa kuwa kitako chake kiko juu nyuma ya dereva, ni vema watu wawili wasaidiane. Migongo mingi huumizwa hapa, na mtungi unaoponyoka mikononi unaweza kuangukia koki.

Kabla ya kupandisha mtungi mpya, ukague. Tazama kama una mbonyeo, mkwaruzo wa kina au kutu iliyokula chuma, kama kola imepinda, na kama mpira mdogo wa duara uliomo ndani ya kiungo upo, ni laini na haujapasuka. Mpira huo ndio unaozuia gesi kupita, na uvujaji mwingi wa kwenye kiungo huanzia hapo. Ulaze mtungi ili pini iingie kwenye nafasi yake, kaza mikanda, unganisha mpira wa gesi kwa mkono bila spana, halafu fungua koki polepole na upake maji ya sabuni kwenye kiungo. Mapovu yakitokea, funga koki, fungua kiungo na ukague upya. Yasipotokea, washa injini.

## Kwa nini isifunguliwe kwa haraka?

Ndani ya koki, au katika kiungo chake, huwa kuna valvu inayojifunga yenyewe gesi ikipita kwa kasi isiyo ya kawaida, ili mpira ukikatika mtungi usimwagike wote. Ukifungua ghafla, valvu hiyo hudhani mpira umekatika na hufunga. Injini hukataa kuwaka, na dereva huanza kutafuta tatizo kwingine. Dawa yake ni kufunga koki, kungoja kidogo ili valvu irudi mahali pake, na kufungua tena taratibu. Spana nayo haina kazi kwenye kiungo cha kufungwa kwa mkono: huharibu mpira mdogo wa duara na nyuzi za kiungo, na mtu anayefuata hulazimika kutumia nguvu zaidi.

## Je, glavu ni lazima kwa kazi fupi kama hii?

Ni lazima. Kimiminika cha propani kikigusa ngozi huvuta joto kwa kasi kiasi cha kugandisha nyama, na jeraha lake hufanana na la kuungua kwa moto. Glavu ziwe za kuzuia baridi na zisizonyonya kimiminika, kwani glavu za pamba zikilowa hubana kimiminika hicho kwenye ngozi badala ya kukizuia. Aliyeumia amwagiwe maji ya vuguvugu kwa muda wa kutosha, asisugue mahali hapo, asipakwe mafuta wala dawa ya meno, na apelekwe hospitali. Ikiwa nguo imegandia ngozini, isivutwe kwa nguvu.

## Nitajuaje kuwa gesi inavuja?

Kwa asili propani haina harufu. Harufu kali tunayoijua hutiwa na wauzaji kwa makusudi, kwa kawaida kwa kemikali iitwayo ethili merkaptani, ili pua ituonye. Pua lakini si kipimo cha kutegemewa peke yake: huzoea harufu baada ya muda, mafua huizuia, na anayefanya kazi karibu na rangi au mbolea anaweza asiitambue kabisa. Kwa hiyo tumia macho na masikio pia. Sauti ya mlio mwembamba karibu na koki na ukungu mweupe unaotambaa chini ni dalili za uvujaji, na vilevile utandu wa barafu kwenye kiungo, kwani gesi inayotoka hupoza chuma mpaka unyevunyevu wa hewa ukaganda juu yake.

Uthibitisho hufanywa kwa maji ya sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Tunalisisitiza hili kwa sababu mazoea ya kujaribu jiko la nyumbani kwa njiti bado yapo, na mtu huyabeba hadi kazini bila kutafakari.

Ukigundua uvujaji, zima injini, funga koki, ondoa watu na uache hewa ipite. Usiguse swichi ya taa wala feni iliyo ndani ya eneo hilo, hata kwa nia ya kusukuma gesi nje, kwa sababu cheche ndogo ya swichi inatosha. Koki isipofungika na ikiwa kuna usalama wa kufanya hivyo, foklifti isukumwe nje kwa mikono, isiwashwe.

## Mtungi ujazwe hadi wapi, na joto letu lina athari gani?

Ujazwe hadi asilimia 80, si zaidi. Kimiminika cha propani hutanuka kwa takriban asilimia 3 kila joto linapopanda kwa nyuzi 10, na asilimia 20 iliyoachwa wazi ndiyo nafasi ya kutanukia. Mtungi uliojazwa asubuhi kwenye baridi ya Arusha au Limuru, kisha ukaachwa juani saa nane mchana, unaihitaji nafasi hiyo. Ukijazwa mpaka pomoni, kimiminika hukosa pa kwenda, shinikizo hupanda kwa kasi, na valvu ya usalama hufunguka.

Hata katika mtungi uliojazwa sawasawa, joto hupandisha shinikizo. Propani tupu kwenye nyuzi 20 hukaa kwenye shinikizo la zaidi kidogo ya bar 7 (bar ni kipimo cha shinikizo), na kwenye nyuzi 40 huvuka bar 12. Mchanganyiko wenye butani nyingi huwa na shinikizo dogo kuliko hilo. Mtungi umetengenezwa kustahimili viwango hivyo, ila kuanika mitungi kwenye sakafu ya zege inayochomwa na jua kutwa nzima ni kuula bure ukingo wa usalama uliowekwa kwa ajili ya ajali. Kivuli cha paa lililo wazi pande zote kinatosha.

## Tuihifadhi wapi mitungi ya akiba na mitupu?

Nje ya jengo, kwenye kizimba cha wavu wa chuma kinachofungwa kwa kufuli, juu ya sakafu iliyo sawa, mbali na milango, ngazi, mifereji na njia za magari. Wavu hupitisha hewa na huzuia watu. Mitungi iwekwe kwa namna ambayo valvu za usalama zinabaki upande wa mvuke, iwe imesimama au imelazwa. Mitungi ya oksijeni ya wachomeleaji isichanganywe nayo: kanuni za Marekani hutaka vitu hivyo viwili vitenganishwe kwa angalau mita 6, au kwa ukuta unaohimili moto kwa nusu saa. Kanuni hizo hizo huruhusu kilo 136 tu za gesi ya kuendeshea foklifti kuhifadhiwa ndani ya jengo lisiloingiwa na umma. Kwa maoni yetu, ghala la Afrika Mashariki lenye uwanja halina sababu ya kuweka hata mtungi mmoja wa akiba ndani.

Mtungi mtupu si salama kwa sababu tu injini imezimika. Ndani yake hubaki mvuke, na koki iliyoachwa wazi huruhusu hewa kuingia joto likishuka. Ifunge koki, weka kifuniko chake, na uuweke na wenzake kana kwamba umejaa.

## Foklifti ilale wapi, na koki iachwe vipi?

Koki ifungwe kila foklifti inapoegeshwa ndani ya jengo bila injini kufanya kazi, hata kwa mapumziko ya chakula cha mchana. Isiegeshwe karibu na boila, ngazi, mlango wa dharura wala shimo la karakana.

## Inasemekana gesi ni safi. Je, tunaweza kuitumia ndani ya ghala lililofungwa?

Swali hili ndilo tungependa liulizwe zaidi, kwa sababu moto huonekana ilhali kinachozungumziwa hapa hakionekani. Ni kweli kwamba injini ya gesi haitoi moshi mweusi wa dizeli. Lakini kila injini inayochoma propani hutoa kaboni monoksaidi, na injini isiyotunzwa vizuri, yenye chujio la hewa lililoziba au mchanganyiko ulio na gesi nyingi mno, hutoa kiasi kikubwa. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi mara 200 ile ya oksijeni, kwa hiyo mtu hukosa oksijeni huku akivuta hewa kama kawaida.

Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, na kwa kuwa zinafanana na za malaria au njaa, wafanyakazi wengi hupewa dawa ya maumivu na kurudishwa mahali palepale palipowaathiri. Msimamizi anapaswa kushtuka watu wawili au watatu wa zamu moja wanapolalamika kichwa siku moja, hasa kama wanapata nafuu wakitoka nje. Hatua ya kwanza ni kuzima foklifti, kuwatoa wote hewani na kuwapeleka hospitali, wakimweleza daktari kwamba walikuwa karibu na injini.

Kikomo cha sheria ya Marekani ni sehemu 50 katika milioni kwa wastani wa saa 8. Mahali panapokivuka kwa urahisi ni vyumba vya baridi vya samaki, maua na matunda, ambavyo hufungwa ili baridi isitoke, na ndani ya makontena yanayopakiwa. Mahali kama hapo panafaa foklifti ya betri. Penye foklifti ya gesi, milango iachwe wazi, injini izimwe kila inaposimama, kipimo cha kaboni monoksaidi kifungwe ukutani na injini ipimwe moshi kila inapofanyiwa huduma.

## Moto ukiwaka kwenye mtungi, tufanye nini?

Kama koki inafikika bila kuungua, ifunge, na moto utakufa kwa kukosa gesi. Kama haifikiki, usiuzime moto unaowaka kwenye tundu la uvujaji, kwa sababu gesi itaendelea kutoka bila kuwaka, itatambaa na kuripuka mahali pengine. Ondoa watu wote na upige simu ya zimamoto: nchini Tanzania ni 114, na Kenya ni 999 au 112.

Hatari kuu ni mtungi uliozungukwa na miali. Chuma kilicho juu ya kimiminika hupata moto na kulegea, shinikizo hupanda, na mtungi unaweza kupasuka kwa kishindo na kutupa vipande mbali sana. Mlio wa valvu ya usalama unaozidi kukua ni amri ya kukimbia. Mtungi wa unga mkavu wa kuzimia moto unafaa kwa moto mdogo wa nguo, makaratasi au mafuta kabla haujaufikia mtungi wa gesi.

## Je, tunaweza kujaza mitungi wenyewe au kwa muuzaji wa mtaani?

Ujazaji ni kazi ya kituo chenye leseni, mizani, kipimo cha asilimia 80 na watu waliofunzwa. Nchini Tanzania leseni za biashara ya gesi hutolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, na Kenya ni kazi ya EPRA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na mafuta. Katika kuhamisha gesi kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo kwa mpira, huku mmoja ukiwa umepinduliwa, hakuna kinachozuia kujaza kupita kiasi.

Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, lori lililobeba gesi liliripuka Embakasi, Nairobi, moto ukasambaa kwenye nyumba na maghala ya jirani, ukaua watu na kujeruhi mamia. EPRA ilieleza kwamba ilikuwa imekataa maombi ya kibali cha kituo cha gesi mahali hapo. Kampuni inayopeleka mitungi yake kwa mjazaji asiye na leseni ili kuokoa shilingi chache inakifadhili kituo cha namna ile ile, katikati ya makazi ya watu.

## Nani anaruhusiwa kubadili mtungi?

Aliyefunzwa kazi hiyo mahususi, akatazamwa akiifanya, na jina lake likaandikwa. Leseni ya kuendesha foklifti peke yake haitoshi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania ya mwaka 2003 na ile ya Kenya ya mwaka 2007 zote mbili humbebesha mwajiri wajibu wa kutoa mafunzo na vifaa vya kinga, kwa hiyo glavu hazipaswi kukatwa kwenye mshahara wa dereva. Marekani hutaka dereva wa foklifti apimwe upya angalau kila baada ya miaka 3. Ni utaratibu unaofaa kuigwa, na kubadili mtungi kuwe sehemu ya kipimo hicho.

## Mtungi ulioanguka au wenye kasoro ufanyweje?

Uwekwe pembeni nje, mahali penye hewa, uandikwe kwa rangi au kibandiko kwamba hautumiki, na urudishwe kwa msambazaji ukiwa na maelezo ya kilichotokea. Usichomelewe, usinyooshwe kwa nyundo, na koki yake isifunguliwe na fundi wa kampuni. Ukague pia tarehe ya ukaguzi iliyopigwa muhuri kwenye kola: mtungi uliopitwa na tarehe hiyo haujazwi tena mpaka upimwe, na msambazaji anayekuletea mitungi ya namna hiyo ukatae mzigo wake palepale langoni, kabla haujashushwa.